Chini ya Mitungi ya Maji

Bibi harusi akiingia nyumba ya watu huuliza chumvi inakaa wapi, jiko linawashwa saa ngapi, baba wa nyumba anapenda ugali mgumu au laini. Mimi nilipoingia nyumba ya mume wangu, Tabora mjini, niliuliza habari za mitungi ya maji.

Ilikuwa mitungi miwili mikubwa, imezikwa nusu ndani ya mchanga nyuma ya nyumba, karibu na ua wa kuogea. Mchanga ule haukukauka masika wala kiangazi. Na kiangazi cha Tabora si cha mchezo: visima hutoa tope, na ndoo moja unaipangia foleni mpaka miguu inakufa ganzi. Lakini mama mkwe wangu kila asubuhi, kabla hajachota maji ya chai, alimimina kata nzima chini, kandokando ya mitungi. Maji niliyoyabeba kichwani mimi! Nikasema, "Mama, mbona unayamwaga?" Akanitazama, akasema, "Teka, mwanangu. Si kila kitu huulizwa."

Kuniambia mimi nisiulize ni sawa na kumwambia mbuzi asile. Nimezaliwa Sikonge, kwa warina asali, na kule porini usipouliza unaumwa na nyuki. Baba yangu alinifundisha kuuliza mti huu una maua gani, nyuki hawa wanatoka upande gani, mzinga huu mbona mwepesi. Mjini nikapewa jina la utani, Mama Kwa Nini, kabla sijawa mama wa mtu yeyote. Mwanzoni nilicheka nao. Baadaye jina lile likaanza kunichoma, maana "kwa nini" nilikuwa nazo tele, na umama haukuja.

Mimba ya kwanza ilitoka mapema, hata kichefuchefu hakijaisha. Akaja mama mkwe na bibi mmoja jirani, wakaniosha, wakachukua kilichotoka katika kitambaa, wakaenda nacho nyuma ya nyumba. Nikawachungulia kwenye upenyo wa mlango. Wakachimba pale pale kwenye mchanga wenye maji, wakafukia, wakamimina kata. Ndipo nilipojua. Kilichotoka kikizikwa mahali pakavu, walisema, na tumbo la mama hukauka. Kikizikwa penye maji, tumbo hubaki bichi na kuna siku litashika tena.

Na mambo hayo yalikuwa na miiko yake. Hulii matanga. Huhesabu. Humwambii mwanamume mahali mtoto alikozikwa, hata awe ndiye baba. Yeye huambiwa tu kwamba mkewe alikuwa anaumwa, sasa ana nafuu. "Hujapoteza kitu," mama mkwe aliniambia. "Ni damu tu. Ukishaitaja, inaijua njia ya kurudi." Nikanyamaza, lakini moyoni nikasema, kama ni damu tu, mbona mnainywesha maji kila asubuhi?

Ya pili ilitoka mtoto ameanza kucheza tumboni. Ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Huyo alifika mbali, alikuwa na nywele, na kucha zake niliziona kwa macho yangu, ndogo kama punje za mtama. Alitoka kimya. Nikataka kumshika, wakakataa, wakaenda naye kulekule. Kesho yake nikatumwa kisimani kujaza mitungi kama kawaida. Nilimimina maji yale huku nikisaga meno.

Watu hawakukosa la kusema. Mmoja alisema nimetupiwa jini, mwingine akasema ni kijicho. Jirani mmoja alisema ni asali: mtoto wa warina asali amekula asali nyingi mno, tumbo limekuwa na utelezi. Loo! Nikamuuliza, "Na nyuki je, mbona wanazaa?" Hakusema nami mwezi mzima.

Mume wangu alikuwa fundi seremala. Fundi wa milango, vitanda na viti, mtu mpole, mcheshi, asiyeweza kupita penye ubao bila kuupapasa. Kabla hajanioa alikuwa amekwenda manamba, kama vijana wengi wa rika lake, akakata mkonge kule upande wa pwani miaka kadhaa, akarudi na kofia na baiskeli. Hakuwa mtu wa kwanza katika ukoo wao kushika njia ile. Baba yake alikuwa mpagazi tangu enzi za Mjerumani, na babu yake alibeba pembe za ndovu kwenda pwani kwa miguu, kambi baada ya kambi. Mama mkwe alikuwa akisimulia safari hizo tukichambua mboga: mpagazi aliyeishiwa nguvu aliachwa kambini, wenzake wakaendelea. Mimi nilimsikiliza na kuuliza: kambi ipi, aliachiwa nini, nani alimzika.

Baada ya ile ya tatu akaja mjomba wa mume wangu, akaketi barazani, akasema kwa sauti ya kutosha mimi kusikia jikoni, "Fundi, utawatengenezea wenzio vitanda vya watoto mpaka lini?" Kisha akasema msichana amekwisha patikana, wa watu wazuri, huko njia ya Igunga. Wakivuna mpunga, mambo yamalizwe. Nikatega sikio nisikie mume wangu atajibu nini. Hakujibu. Nawe unajua, mume akinyamaza kwenye jambo kama lile, amekwisha jibu.

Alichokuwa hakijui, na mjomba hakijui, ni kwamba nilikuwa na ya nne tumboni. Bado changa. Harufu ya kitunguu ilikuwa imeanza kunigeuka. Nikapiga hesabu yangu: nikimpoteza na huyu, mpunga wa Igunga utavunwa na mimi nitarudi Sikonge na sanduku langu.

Nilimwambia mama mkwe peke yake, ndivyo ilivyokuwa desturi. Na papo hapo nikamwambia nataka kwenda kliniki ya waja wazito. Kusema kweli, haikuwa hofu peke yake iliyonisukuma. Nilikuwa nimesikia kwamba kule mkunga anaweka kipembe cha mbao tumboni, anaweka sikio, na anasikia. Nilitaka kujua anasikia nini. Mama mkwe akafikiri sana, akasema, "Haya. Lakini tutakwenda wote, na maneno niachie mimi."

Tukaenda. Tulikaa kwenye benchi na wanawake wengine, wa mjini na wa vijijini, wengine wamekuja kwa baiskeli tangu alfajiri. Mkunga alikuwa mwanamke mnene mwenye mwanya, kwao Bukoba, mwenye kusema haraka kama anayefukuzwa. Nikamsalimia shikamoo, akaitika marahaba huku amekwisha nipandisha kitandani. Akauliza, "Hii mimba ya ngapi?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi. "Ya kwanza."

Alilisema bila kupepesa. Hakuwa anadanganya, nataka uelewe hivyo. Kwake yeye wale watatu hawakuwa wa kuhesabiwa. Kuwahesabu mbele ya tumbo lenye mtoto kulikuwa ni kumwonyesha mtoto mlango wa kutokea. Alikuwa ananilinda. Lakini mimi nilisikia kama nimepigwa kofi. Wale watatu walipita mwilini mwangu, sasa wamefutwa kwa maneno mawili. Mkunga akaweka kipembe, akasikiliza, akasema, "Bado mdogo huyu, nasikia utumbo wako tu, una njaa. Mimba ya kwanza, una afya, hamna neno. Rudi mwezi ujao."

Tukaondoka. Tulipofika karibu na soko miguu yangu ikakataa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimetoka kufichwa uchi mchana kweupe, kwa nia njema. Nikasema, "Mama, nimesahau kanga yangu kule." Akanitazama kichwani, mabegani, kiunoni, kanga zote zilikuwepo. Akasema, "Basi usikawie," akaendelea na njia yake. Mpaka leo sijui kama alinielewa siku ile.

Nikarudi mbio, mja mzito mzima. Mkunga alikuwa ananawa mikono. "Kuna nini tena?"

"Mama mkunga, hii siyo ya kwanza. Ni ya nne."

Akakunja uso. "Mbona yule mama—"

"Kwetu hawahesabiwi. Lakini mimi nimewahesabu, na kuna kitu sikielewi. Wa kwanza alitoka mapema sana. Wa pili akafika mpaka anacheza. Wa tatu akafika mpaka ana kucha. Kila mmoja anafika mbele kuliko mwenzake, kama wapagazi, huyu anaanguka kambi hii, huyu anaanguka kambi ya mbele, na hakuna anayefika pwani. Kwa nini wanazidi kusogea? Kama ni jini, jini gani huyo anayechoka?"

Mkunga akaacha kunawa. Povu lilikuwa bado mikononi. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akanikalisha, akafunga mkono wangu kwa mpira, akavuta damu kwenye kichupa. Sijawahi kuona damu yangu ikikaa mahali kwa utulivu namna ile. Nikamuuliza inapelekwa wapi, nani anaitazama, anaitazama kwa nini, itarudishwa? Akacheka kwa mara ya kwanza. "Wewe mwanamke, ungezaliwa Mzungu ungekuwa daktari au mfungwa."

Niliporudi kupata majibu alifunga mlango kwanza. Akaniambia nina ugonjwa ndani ya damu. Kaswende, wengine huita sekeneko. Ndiyo iliyokuwa inawamaliza watoto, na kadiri inavyokaa mwilini miaka mingi nguvu zake hupungua, ndiyo maana kila mtoto alijitahidi kufika mbele kidogo.

Niliwaka moto. "Mimi? Mimi niliyetolewa nyumbani kwa baba yangu mwali, na ushahidi upo?"

"Sijakuuliza ulikotoka," akasema. "Nimekuambia ulichonacho."

"Mbona siumwi? Mbona mume wangu haumwi?"

"Mume wako anafanya kazi gani?"

"Seremala."

"Haya. Mchwa akiwa ndani ya mlango, mlango unalia?"

Hapo akanipata. Nilimjua mchwa. Nilikuwa nimeona mlango unaong'aa kwa rangi, unaugusa kwa kidole, kidole kinazama. Hasira ikanishuka kidogo na maswali yakapanda: ugonjwa huo unakula nini humo ndani, unaonekana, unasikia dawa inapokuja? Akanijibu mengine, mengine akasema hajui, na kwa hilo la kukiri hajui nilimpenda. Dawa ipo, akasema, sindano za penisilini, siku kadhaa mfululizo, na tumewahi. Lakini mume naye lazima achomwe. "Usipomleta, tunajaza maji kwenye pakacha. Nitakuponya mchana, utarudishiwa ugonjwa kitandani."

Sindano ya kwanza nilichomwa siku ile ile. Ilikuwa dawa nzito inayoingia polepole, na kwa jinsi ilivyouma nilitembea kwa kuburuta mguu mpaka nyumbani. Njiani nilitunga maneno ya kumwambia mume wangu. Niliyatunga vizuri, kwa adabu, yana mwanzo na mwisho. Nilipofika nikamkuta anapiga randa, nikasahau yote, nikamwambia vile vile nilivyoambiwa.

Akaiweka randa chini. "Umeniletea tusi gani nyumbani kwangu?"

"Si tusi. Ni ugonjwa, na dawa yake ipo."

"Mimi ni mzima! Nimechomwa sindano ya buba nikiwa mtoto, mwilini sina hata upele. Hata kule mkonge, wenzangu walioza, mimi nilipata kidonda kimoja tu na kikapona chenyewe!"

"Kidonda gani?" nikauliza.

Masikio yakamwiva. Naapa sikumuuliza kwa kumtega. Lilinitoka tu kama yanavyonitoka yote. Lakini swali lilikuwa limekwisha toka, na lilisimama kati yetu pale kwenye maranda ya mbao. Akachukua msumeno wake, akasema kwamba nikilitaja neno lile tena nitalitajia Sikonge kwa baba yangu, akaenda zake sokoni. Nikakaa chini nikalia. Sikulia kwa aibu, nililia kwa hasira, maana nilikuwa nimepata jibu la "kwa nini" yangu kubwa kuliko zote na mtu mmoja alikuwa amelikalia.

Siku zilizofuata nilikwenda kuchomwa peke yangu. Jirani nikimwambia nakwenda kununua ndimu, na ndimu zenyewe nikawa nazo mpaka zikaoza. Jikoni nikawa nakaa upande: leo upande huu, kesho upande ule. Mama mkwe alinitazama. Jioni moja baada ya swala ya alasiri akaniita nyuma ya nyumba, kwenye mitungi. Akageuza ndoo, akaketi, akanionyesha kigogo nami niketi. Nikaketi kwa upande.

"Nani anakuchapa?" akauliza.

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Nikamweleza yote, kanga niliyoisingizia, damu, mchwa, kidonda cha mkonge. Nikangoja anifokee kwa kutaja yasiyotajwa. Alikuwa ameshika kata, anaizungusha mkononi. Mwishowe akasema, "Huyo mkunga alisema watoto wanazidi kusogea?"

"Mimi ndiye nilimwambia, mama. Yeye akasema ni kweli, ndivyo ulivyo ugonjwa huo."

Akatazama mchanga. Kisha akaanza kuonyesha kwa kidevu, pole pole, mahali hapa, mahali pale. "Huyu hapa, hata sikuwa nimejua kama nina mimba. Huyu pale alikuwa kidogo hivi. Huyu. Huyu. Huyu wa kando ya mtungi alikuja amekamilika, alivuta pumzi mara moja akaiacha. Kisha ndiyo nikampata fundi." Akavuta pua. "Nilidhani Mungu alichoka kunipiga. Kumbe ni ugonjwa uliochoka."

Jamani, nilikuwa nimeishi na mwanamke yule, nimekula naye sinia moja, nimemsuka nywele, na nilikuwa namwona mlinzi wa mwiko tu. Kata ile ya kila asubuhi haikuwa ya wanangu tu. Alikuwa anaimimina tangu kabla mimi sijazaliwa. Nikamshika mkono, sikuwa na swali hata moja.

Sasa, mume wangu alikuwa na mazoea yake. Jiwe lake la kunolea alikuwa ameliweka pale pale kwenye mitungi, maana kunoa kunataka maji. Kila alipohitaji kunoa patasi au jino la randa, alisimama juu ya mchanga ule mbichi, akapinda mgongo, akanoa huku anapiga mluzi. Miaka yote. Wanawake walimwona na kunyamaza, kwa sababu mwanamume haambiwi.

Kesho yake asubuhi alikuja kunoa. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Mama mkwe akatoka ndani amejifunga kanga kifuani kama mtu anayekwenda kupigana.

"Fundi. Unajua umesimama wapi?"

"Kwenye mitungi, mama."

"Umesimama juu ya ndugu zako."

Mluzi ukakatika. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akatazama chini. Akanyanyua mguu mmoja, kisha akawa hajui auweke wapi. Alisimama hivyo, mtu mzima na patasi mkononi, mguu hewani.

"Watano," mama mkwe akasema. "Wako wote hapo, na wanao watatu. Baba yako alikuwa akienda pwani na kurudi. Aliniletea shuka, akaniletea chumvi, na ugonjwa huo huo anaokuambia mkeo. Hatukuujua. Wakasema mimi ndiye tumbo bovu. Wakamwoza mwanamke mwingine, binti mzuri wa watu, naye akazika wawili hapo kwenye ukuta, mpaka akatorokea kwao. Basi huyo bibi harusi wako wa njia ya Igunga mpelekee habari. Mwambie aje mapema achague sehemu yake, kabla mchanga haujajaa."

Mume wangu alishusha mguu polepole, nje ya mchanga. Nikaona machozi yanamtoka bila sauti. Nilikuwa nimemkasirikia siku zote zile, na hasira ilikuwa bado ipo, lakini nilimhurumia pia. Mtu amenolea patasi juu ya watoto wake miaka yote anapiga mluzi, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwambia. Mama mkwe akamwambia, "Sasa kama wewe ni mzima, nenda ukamwambie hivyo mkunga."

Alikwenda asubuhi ile ile. Alikwenda amepanda baiskeli, akarudi anaisukuma. Mama mkwe alimwona tangu mbali, akaniambia kwa sauti ndogo, "Naye ameanza kukaa upande." Tulicheka mpaka tukashikana. Sikumbuki kama tuliwahi kucheka hivyo tena.

Akamaliza sindano zake zote. Jiwe la kunolea akalihamishia mbele, chini ya ukuta wa baraza. Kisha akachonga mbao, akaizungushia mitungi uzio mfupi, nadhifu, wenye kamlango kadogo, ili mtu asikanyage. Mjomba alipokuja kuulizia mambo ya Igunga, mume wangu alimkaribisha chai, akamwambia kwamba jambo hilo limekwisha. Mjomba akauliza limekwishaje. Akajibu, "Muulize mama." Mjomba alimtazama mama mkwe usoni, akanywa chai yake.

Miezi ile niliipita kwa kuhesabu kambi. Nilipopita ile ya kwanza nilikuwa sijui hata kama nimepita. Ya pili niliipita mtoto anacheza kama panzi kwenye kibuyu. Nilipokaribia ya kucha nilishindwa kulala, kula, hata kuuliza. Kila nilipokwenda kliniki mama mkwe alinisindikiza, sasa kimya, ameketi kona na kanga mdomoni. Siku moja mkunga akamwita, akampa kile kipembe. "Njoo usikie mwenyewe, mama." Akainama, akaweka sikio. Akabaki ameinama muda mrefu, mimi namwuliza, "Unasikia nini? Mama, unasikia nini?" Mimi ndiye niliyetaka kujua tangu mwanzo, na ni yeye aliyesikia. Akainuka, macho mekundu, akasema, "Mtu anatwanga. Anatwanga upesi upesi kama ana wageni."

Alifika na mvua za kwanza. Nilimsikia kabla sijamwona, maana alitoka na kelele zake zote, analalamika kama aliyecheleweshwa njiani. Msichana. Mkunga akampima, akampima tena, akamkagua viganja na nyayo, akampa na yeye sindano zake ndogo kwa tahadhari. Mimi nilimtazama kucha. Nilizitazama moja moja. Mume wangu alipoingia hakujua amguse wapi. Mwishowe akampapasa mgongo kwa kidole kimoja kama anavyopapasa ubao mzuri, akacheka, akatoka nje mbio.

Arobaini ilipotimia tukampeleka kupimwa uzito, sote watatu. Mume wangu alibaki nje na baiskeli, maana kule ndani palikuwa pa wanawake. Benchi lilikuwa limejaa. Siku ile alikuwapo mkunga mpya, msichana mwembamba aliyekuwa anajifunza, hakutujua. Akamchukua mtoto, akamweka kwenye mzani, akamsifu. Akaniuliza, "Huyu ni mtoto wako wa ngapi?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi.

"Wa nne," akasema, kwa sauti, mbele ya benchi zima.

Yule msichana akatabasamu. "Hongereni. Mna familia kubwa." Kisha, kwa adabu tu, kama mtu anavyomtolea mkubwa neno asijione ameachwa, akamwuliza, "Na wewe, bibi, Mungu amekujalia wangapi?"

Tangu nilipoingia nyumba ile nilikuwa nimesikia watu wakimwuliza swali hilo, msibani, harusini, kisimani, na siku zote jibu lake lilikuwa mmoja. Akamtazama mjukuu wake kwenye mzani. Kisha akageuka dirishani, mwanawe alikokuwa amesimama akifuta baiskeli vumbi, akanyoosha mkono.

"Yule pale nje," akasema, "ndiye wa sita."